Nanaa Iliyotolewa Ndooni

Mtaani walimcheka fundi cherehani kwa jinsi alivyoilea nanaa yake. Ndoo kuukuu yenye matundu chini, maji kila asubuhi, kivuli jua likiwa kali, na ncha zote anazikata kabla hazijatoa maua. "Mwenzetu umezaa uzeeni!" walimtania. Wangejua! Mumewe, mtunza bustani wa hospitali kwa miaka thelathini, maradhi yalimsahaulisha kila kitu, hata mke. Lakini fundi akisugua majani mawili kiganjani na kumpelekea puani, macho yanamrudia uhai, anasema, "Bibie, umeshaamka?" Dakika tatu, nne, kisha anapotea tena. Fundi aliishi kwa dakika hizo.

Basi mizizi ikajaa ndoo, majani yakaanza kugeuka manjano. Fundi akaihamishia nanaa ardhini, kando ya mchicha, akaenda zake kupeleka gauni la mteja.

Jamani, mazoea yana taabu! Aliporudi alimkuta mzee amepiga magoti, jasho linamchuruzika, nanaa yote ameing'oa na kuianika kwenye bati, juani, na mizizi yake, hakuacha hata uzi. Kilichomo chomboni kina mwenyewe, hakiguswi. Nanaa inayotambaa ardhini ni gugu, itameza maua. Ndiyo sheria aliyoifuata kazini, na ndiyo aliyomhubiria mkewe miaka nenda miaka rudi. Safari hii aliyesahau ni mke.

Sasa amlaumu nani? Alichomeka tena vipande vilivyobaki, wapi! Vilishakauka. Jirani akamhurumia, akamletea fungu la nanaa kutoka sokoni. Fundi akasugua majani, akampelekea mumewe puani.

Mzee akanusa, akaitikia kwa adabu. "Inanukia, mama. Ila haifikii ya mke wangu."

"Mke wako yuko wapi?" fundi akauliza.

"Nyumbani, ananisubiri. Kazi nimeshamaliza, naomba ruhusa niende, asije akaingiwa na wasiwasi."

Akainuka, akaanza kutafuta viatu. Fundi akamshika shati. Alitaka kusema ni mimi huyo, lakini alishalisema mara ngapi? Akalia waziwazi, kilio cha mtu aliyeishiwa la kufanya. Mzee akasimama, akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Pole, mama," akamwambia. "Kwani wewe kwako hakuna mtu?"