Bibi Aliposimama Ukumbini

Huko Houston hita, mashine ya kupasha nyumba joto, huwashwa siku chache tu kwa mwaka, na siku ya kwanza ikiwashwa nyumba nzima hunuka vumbi lililoungua. Ni harufu kavu inayokwaruza koo, na haidumu zaidi ya saa moja. Ninapoisikia sasa, katika chumba changu cha kupanga huko Katy, nainuka nifungue dirisha. Nina miaka ishirini, na najua wazee watanicheka nikisema zamani, lakini naomba mnivumilie. Nina jambo langu la zamani ambalo sijapata kumweleza mtu likaisha.

Tulikuwa tukikaa Alief, mtaa mmoja wa Houston, kwenye fleti ya ghorofa ya pili, Baba, Mama, Bibi na mimi. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Mama alikuwa akiwahudumia wazee katika nyumba yao ya kutunzwa huko Stafford. Bibi, mama yake Baba, aliletwa kutoka Unguja ili asikae peke yake, na vilevile, kama Baba alivyopenda kusema mbele ya wageni, ili mtoto asisahau lugha. Mtoto huyo ni mimi. Bibi alikuwa akiniuliza kwa Kiswahili, nami nikimjibu kwa Kiingereza hakugomba. Alinyamaza tu, akinitazama, mpaka niseme upya kwa Kiswahili. Hita ilipowashwa mara ya kwanza mwaka ule, alitoka chumbani mbio na ndoo ya maji akiuliza moto uko wapi.

Ulikuwa mwaka 2017, nami nilikuwa na miaka kumi na moja. Mwalimu wetu wa muziki aliitwa Miss Garza, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyokauka kwa kutupigia kelele. Alipenda hadithi za nyimbo kuliko nyimbo zenyewe. Alitueleza kwamba wimbo mmoja wa theluji tuliokuwa tukijifunza ulitungwa katikati ya joto kali, na waliouandika walikuwa wakijipangusa jasho. Mwingine, ambao Marekani nzima huuimba wakati wa Krismasi, alisema haukutungwa kwa ajili ya Krismasi hata kidogo. Tulicheka sana. Ndipo akatuambia kila mmoja alete wimbo unaoimbwa kwao majira yale, pamoja na hadithi yake. Utakaochaguliwa utaimbwa na kwaya nzima kwenye onyesho la Desemba, na aliyeuleta ndiye atakayeongoza.

Nyumbani Baba alikuwa ameshasema sitaimba. Mambo ya watu, alisema, tuwaachie wenyewe. Nililia mpaka macho yakavimba, na aliyeniokoa ni Bibi. Mwezi ule ulikuwa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, na kwao Unguja Bibi alikuwa msomaji ambaye shughuli za wanawake hazikuanza mpaka afike. Alimwambia Baba kwamba kama watu wanataka nyimbo za msimu, na sisi tunao wimbo wetu, mtoto aupeleke. Baba hakuwa na tabia ya kumjibu mama yake, basi akatafuta funguo za gari akatoka.

Bibi akanifundisha kasida fupi ya kumsifu Mtume, beti nne, na mwisho wake salamu. Tulikaa chini ya tundu la hita, miguu kwenye mkeka, akinipigia mapigo kwa vidole kwenye goti langu. Waliokulia kwenye Maulidi wanajua ilivyo. Ikifikiwa salamu, watu wote husimama. Udi unafukizwa, mtu anapita akiwarashia wenzake marashi ya waridi, na hakuna anayekaa mpaka salamu iishe. Nimeyaona hayo tangu nikibebwa, na pengine ndiyo sababu hayakunijia kichwani wakati yalipotakiwa kunijia.

Siku ya kupeleka nyimbo niliimba vizuri, kisha Miss Garza akaniuliza unahusu nini. Mwaka ule televisheni haikupumzika kuwataja Waislamu, na wiki ileile mvulana mmoja wa darasani aliniuliza mama yangu anaficha nini chini ya mtandio. Niliwatazama wenzangu, nikatazama vipande vya karatasi vilivyokatwa mfano wa theluji ukutani, na mdomo ukajisemea wenyewe kwamba unahusu theluji. Nikaongeza kwamba watoto wa Zanzibar huuimba wanapoiona theluji ikianguka Kilimanjaro. Wenyeji wa Unguja nisameheni. Miss Garza akashika kifua kwa furaha, akaandika, na wimbo wangu ukachaguliwa.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilirefushwa na mbingu. Siku chache kabla ya onyesho, theluji ilianguka Houston. Kweli kabisa, asubuhi, juu ya magari na kwenye majani, na watu wazima walitoka na nguo za kulalia kuipiga picha. Bibi aliigusa kwa kidole kimoja akasema bismillahi. Shuleni watoto waliapa kwamba wimbo wangu ndio ulioileta. Nilivimba kichwa, na kwa siku mbili nzima nilikaribia kuamini.

Furaha iliisha zilipogawiwa karatasi za ratiba. Palikuwa pameandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi nene: wimbo wa theluji kutoka Zanzibar. Nilichana yangu vipande vidogo nikavitupa chooni. Bibi asingeweza kuisoma, na Mama angenisitiri, lakini Baba akiisoma, mtoto wake amemfanya Mtume kuwa theluji. Tumaini langu lilikuwa kwamba siku ile atakuwa Dallas na mzigo. Nilihesabu safari zake kwenye kalenda ya jikoni kuliko nilivyowahi kuhesabu siku za Idi. Siku ilipofika, saa kumi alasiri, mlango ukafunguka, na Baba akaingia na shati jipya mkononi. Mzigo alikuwa amempa mwenzake. Alisema hawezi kukosa kumsikia mwanawe.

Nilipokuwa nikivaa nilimkuta Bibi akitoboa kifuniko cha chupa ya maji kwa sindano. Nilimuuliza nini hicho, akasema maji. Nilikuwa na hofu yangu, sikuuliza mara ya pili.

Ukumbi ulikuwa umejaa, watu kama mia tatu, makoti magotini. Kutoka jukwaani unaona kila kitu, jambo ambalo hakuna aliyenionya. Niliwaona walivyokaa safu ya tano, Baba, halafu Mama, halafu Bibi pembeni kwenye njia, na buibui lake jeusi. Nilimwona mlinzi wa shule mlangoni na redio yake na bastola kiunoni. Miss Garza akasoma hadithi ya wimbo wangu kwa sauti, watoto wa Zanzibar na theluji yao. Baba alikuwa akitazama ratiba. Akainua uso, akanitazama, wala hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu asiyenijua, na hilo lilinitisha zaidi.

Nikaanza kuimba kwa sababu piano ilikuwa imeshaanza. Ubeti wa kwanza, wa pili. Watoto sitini, Wavietinamu na Wanigeria na Wasalvador, waliitikia maneno ya Bibi kwa ndimi zao, na kusema kweli ulikuwa unapendeza mpaka nywele zinasimama. Midomo ya Bibi ilikuwa ikienda pamoja nasi. Ubeti wa nne ulipoisha, ndipo nilipokumbuka kinachofuata. Tukaingia kwenye salamu, na Bibi akasimama.

Bibi yangu ni mrefu. Peke yake, katikati ya watu mia tatu waliokaa, alionekana mrefu zaidi. Mtu wa nyuma akamwambia aketi. Bibi akafungua mkoba, akatoa ile chupa, akaanza kuwarashia watu, kushoto, kulia, mbele. Yalikuwa marashi ya waridi. Bwana mmoja aliyekuwa mbele yake alitazama juu, kwa maana tangu mafuriko ya Agosti, yaliyovujisha nyumba nyingi, hapakuwa na mtu Houston aliyeamini dari. Mama mmoja akapiga kelele ndogo akijifuta nywele. Na mlangoni mlinzi akaondoka mahali pake, mkono mmoja kwenye redio, akaanza kushuka ile njia. Hakukimbia. Alitembea polepole, na macho yake hayakuiacha ile chupa.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Niliona watamshika. Bibi alijua maneno matatu ya Kiingereza, hello, no na thank you, na aliyatumia yote kwa pamoja. Akiamriwa aweke chupa chini hataelewa, na nilishaona kwenye televisheni huwa inakuwaje mtu asipoelewa. Nikafikiri, nikinyamaza atakaa. Basi nikanyamaza, katikati ya neno.

Kwaya ikaendelea mstari mmoja bila mimi, ikafifia, ikaisha. Bibi hakukaa.

Miss Garza akampungia mpiga piano, na wimbo uliofuata ukaanza, wa farasi na kengele. Wenzangu wakauimba, mimi nikasimama mdomo wazi. Bibi naye amesimama, mkono juu ya kiti cha mbele, akitazama moja kwa moja, kengele zikilia. Mlinzi alimfikia. Baba akainuka, akamwambia jambo kwa sauti ya chini. Mlinzi akaipokea chupa, akainusa, akamrudishia Bibi, halafu akaegemea ukuta karibu naye. Wimbo ule una beti tatu na sijapata kusikia wimbo mrefu kama ule. Ulipoisha, Bibi akakaa.

Ndani ya gari Baba aliniuliza swali moja tu, Zanzibar theluji imeanguka lini. Bibi akasema sauti yangu ilikuwa nzuri. Hapo hasira yote ikanitoka kwake, kwa kuwa yeye ndiye niliyekuwa na hakika hatanipiga. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba ameniharibia, kwamba ni heri asingekuja. Bibi akanyamaza, akinitazama, kama ilivyo kawaida yake, akingoja niseme upya. Nami nikasema.

"Bora ungebaki nyumbani."

"Haya, mwanangu," akasema, akageukia dirishani.

Kesho yake Baba alinipeleka kwa Miss Garza mkono kwa mkono, nikasema ukweli wote. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, bila kunigombeza, kwamba ningemweleza mapema angewasomea watu hadithi hiyohiyo ya kweli, na angewaomba wasimame. Nilitamani angenigombeza.

Bibi alirudi Unguja baada ya miezi minne. Katika miezi hiyo nilimwamkia kila asubuhi, shikamoo, marahaba, na sikumwambia neno jingine la maana. Niliamini kwamba ni mkaidi, kwamba alisimama wimbo mzima wa farasi kwa sababu salamu haikumalizwa na yeye hana habari na aibu ya mtu. Nilikuwa mtoto, lakini si mdogo kiasi hicho, na sijitetei.

Mwisho wa mwaka 2020 shule zilikuwa zikisomesha kwenye kompyuta, na ujumbe ukaja kwamba hakutakuwa na onyesho la Desemba. Baba alikuwa nyumbani, mizigo imepungua, anakunja nguo sebuleni. Nikasema afadhali, maonyesho yenyewe Bibi alishanifanya niyachukie. Baba akaweka shati chini.

"Uliponyamaza," akasema, "nilimvuta buibui. Nikamwambia, Mama kaa, mtoto ameshaacha. Unajua alinijibu nini? Nikikaa sasa hivi, watu wote watamtazama yeye."

Nilijaribu kukumbuka, kwa miaka yote mitatu, ni mtoto gani aliyewahi kuniuliza kwa nini nilikatiza wimbo, nikakosa hata mmoja. Walimzungumzia bibi mwenye chupa. Walimwiga jinsi alivyosimama, wengine mbele yangu, nami nikacheka nao. Nilinyamaza katikati ya wimbo mbele ya watu mia tatu na hakuna aliyeniona, nami nilidhani ni bahati.

Jioni ile nikampigia simu. Kwao ilikuwa asubuhi mapema, ameshasali, nasikia majogoo. Nilimuuliza kama anakumbuka ile siku. Akacheka, akasema anavikumbuka viti, vigumu sana, mtu mwenye akili lazima asimame. Nikamuuliza kama alimwogopa yule mlinzi.

"Sana," akasema. "Miguu ilikuwa ikinitetemeka, ndiyo maana nilishika kiti cha yule bwana."

Nikasema, "Niwie radhi, Bibi."

"Radhi nilikupa palepale, mwanangu," akasema, "hata hujashuka jukwaani."