Kilio cha Cucu

Nikiingia kituo cha petroli mimi hufunga vioo vyote, hata jua likiwaka. Harufu ile ilijaa mdomoni mwa baba siku tuliyompeleka cucu, mama yake, hospitali kule Nyeri. Cucu alilala nyuma ya pikapu, juu ya godoro. Kila baba alipokanyaga mafuta gari lilishtuka, na kila liliposhtuka cucu alilia akimwita Mungu, "Ngai!"

"Hii ni uchafu kwa filta," baba akaniambia. Akasimamisha gari, akaifungua, akaipuliza kwa mdomo, akatema petroli.

Gari likapanda mlima vizuri kabisa. Nyuma kukawa kimya.

Baba hakugeuka. Alianza kukanyaga na kuachilia, kukanyaga na kuachilia, makusudi, gari lishtuke tena, sikio lake likiwa dirishani.