Mimba ya Arbia Isiyocheza

Arbia Jelle alizaa watoto sita, akafunga duka. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na aliyasema bila haya pale soko la maziwa Garissa, mbele ya wateja, huku akipima maziwa ya ngamia kwa kopo. Umri wake ulikuwa miaka hamsini au karibu na hapo, maana siku aliyozaliwa kule Hulugho hakuna aliyeshika kalamu. Hedhi ilikuwa imemuaga miaka kadhaa nyuma, naye hakuisikitikia.

Kwa hiyo mwaka wa tisini na tano, kamba ya gagulo ilipoanza kumbana, hakuwaza mtoto. Aliwaza gagulo. Alilegeza fundo, akalilegeza tena, mwishowe akanunua gagulo jingine. Chakula nacho kikaanza kumkataa. Mwanamke aliyekuwa akimaliza anjera nne asubuhi na kuulizia ya tano sasa alikula nusu, akahisi kama ametoka arusini. Akalaumu mafuta ya kupikia, ambayo siku hizo yalilaumiwa kwa kila jambo. Kiuno kikamuuma, akayalaumu madumu ya maziwa aliyobeba. Haja ndogo ikawa haimpi nafasi, akalaumu chai. Kila kitu kilipata wa kulaumiwa, hivyo hapakuwa na ugonjwa.

Kaaha, mjane aliyeuza maziwa kando yake, alikuwa amemzidi umri kidogo na amemzidi mdomo sana.

"Arbia, leo umekwenda choo kuliko ulivyouza," alimwambia. "Maziwa yako niyaangalie au niyarithi?"

Kisha siku moja Kaaha alimtazama kwa ubavu alipokuwa akiinama, akapaza sauti: "Mashallah! Kumbe mzee Mohamednoor bado ana nguvu!"

Soko likapiga vigelegele. Arbia alifungua mdomo akanushe, akaufunga. Na hapo ni lazima habari za mumewe zielezwe.

Mohamednoor alikuwa dalali wa ng'ombe. Miaka miwili nyuma alikuwa ameoa mke wa pili, Nasteha, binti wa Bura, ambaye kwa umri angeweza kuwa kitinda mimba wa Arbia. Zamu zake alizigawa kwa haki, hakuna aliyeweza kumshtaki, ila zamu ya Arbia ilikuwa na tabia ya kuangukia siku ambazo yeye yuko safarini.

Habari za sokoni zilimfikia kabla ya alasiri. Jioni hiyo alikuja na ini la mbuzi lililofungwa kwenye gazeti, akaketi, akamwuliza mkewe hali yake, kisha akasubiri jibu. Arbia hakukumbuka ni lini mara ya mwisho aliulizwa hali na mwulizaji akasubiri.

"Nasikia kuna jambo," alisema Mohamednoor.

"Mungu ndiye ajuaye," alijibu Arbia, na huo haukuwa uongo.

Alikula vipande viwili vya ini, akashiba. Lakini alifurahi. Tusimfiche, alifurahi kama msichana, na aliposimama kutoa sinia alilishika tumbo lake kwa mkono mmoja, kama wafanyavyo waja wazito, bila ya kuamrishwa na mtu. Waswahili husema mficha uchi hazai. Arbia alificha, na akahesabiwa mja mzito.

Miezi ikapita. Tumbo halikumwangusha, lilikua vizuri. Mwezi wa tisa, kwa hesabu ya watu, ulifika ukaondoka, na wanawake wakaanza kunong'ona. Mohamednoor aliwatuliza kwa sauti ileile aliyotumia kuuzia ng'ombe mzee. "Katika vitabu vya madhehebu yetu, mimba yaweza kukaa tumboni hata miaka minne," alisema. "Msimharakishe mtoto wa watu." Hakuna aliyekuwa na kitabu cha kumpinga. Arbia akajikuta ameongezewa miaka minne ya ini.

Ila mtoto hachezi. Hilo alilijua peke yake. Sita aliowazaa wote walimpiga mateke. Abdille, wa pili, alikuwa akimwaga chai iliyowekwa juu ya tumbo. Huyu alikuwa mpole kupita kiasi. Mara nyingine mchana, watu wakiwa wamelala kwa joto, Arbia aliweka kiganja na kungoja. Tumbo lilikuwa gumu na tulivu kama dumu lililojaa. Kisha hofu ilimshika, akainuka kutafuta kazi ya kufanya.

Mohamednoor alimwamuru Nasteha aje kumsaidia mkubwa wake. Nasteha alikuja kila asubuhi, akafua, akapika, akanyamaza. Arbia alifaidi sana kumtuma. Aliona hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote za mimba. Alichosahau ni kwamba anayekuoshea vyombo hujua ulichokula, na anayekufulia nguo hujua mwili uliomo ndani yake.

"Abaayo," alisema Nasteha asubuhi moja, akiwa anakamua nguo. Ndivyo alivyomwita mke mwenzake, yaani dada, na siku hiyo alilisema neno hilo polepole. "Mwenye mimba hunenepa pamoja na mtoto wake. Wewe tumbo linanenepa, mikono inaisha. Unakula matonge mawili. Chooni huondoki. Shangazi yangu Saynab kule Bura alikuwa hivihivi. Tulimtayarishia nguo za mtoto."

"Akazaa nini?"

"Hakuzaa. Tulimzika."

Arbia alisimama, jambo ambalo siku hizo lilimchukua muda. "Sema tu una wivu."

"Wivu ninao, wallahi ninao," alisema Nasteha. "Mume sijamwona tangu Ramadhani. Lakini wivu wangu hautakupunguzia tumbo."

Arbia alimfukuza, na ndoo akairusha nyuma yake. Kilichomuuma ni kwamba mtu pekee aliyeusema ukweli ndiye ambaye hakuna mtu angemwamini. Kama Nasteha angetamka hayo sokoni, angeitwa mchawi kabla ya adhuhuri. Arbia angeweza kustarehe. Hakustarehe.

Juma lililofuata Kaaha aliandaa madaxshub, ile siku wanawake wanapomkalisha mja mzito mkekani, wakamwombea azae salama na kummiminia mafuta kichwani. Nyumba ikajaa moshi wa udi, halua, tende na wanawake. Arbia alikalishwa katikati, nywele wazi. Nasteha, aliyeletwa na adabu wala si mwaliko, alisimama mlangoni ameshika sinia la tende, macho chini.

Wakaanza kumwomba Mungu. Waliomba kwa sauti moja, baadhi wakilia, amlinde Arbia na uchungu mrefu, amlinde pia mtoto huyu. Na hapo Arbia akaona jambo ambalo ini lilikuwa limemzuia kuliona. Kumwacha mume adanganyike ni jambo moja, na pengine alistahili. Kuwaacha wanawake hawa wote wainue mikono kwa ajili ya mtoto asiyekuwepo, naye aitikie amina! Halafu akawaza kwamba wakimaliza watakwenda zao, naye atabaki na kile kitu, na hakuna atakayekiombea.

Kaaha aliinua bakuli la mafuta. Arbia akapiga moyo konde, akamshika mkono.

"Usinimwagie. Humu hakuna mtoto."

"Nani kakuambia?" aliuliza Kaaha, na macho yote yakamgeukia Nasteha pale mlangoni.

Hapo ingekuwa rahisi kumsingizia. Nasteha mwenyewe alishajikunja kupokea lawama.

"Mimi," alisema Arbia. "Nimezaa sita. Huyu hajacheza hata mara moja. Mimi ni mgonjwa, Kaaha, na ninaogopa."

Kaaha alilitazama bakuli, akamtazama Arbia.

"Mafuta yamekwisha pashwa moto," alisema. "Na mgonjwa pia huombewa." Akammiminia.

Mohamednoor aliposikia, alikumbusha habari ya miaka minne. "Hiyo ni ya mwenye mimba," Arbia alimjibu, na kesho yake akaenda hospitali pamoja na Nasteha, kichwa bado kinang'aa.

"Mtoto hapa hakuna, daktari," alimwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi nashiba bila kukula."

Daktari alimgongagonga tumbo kwa vidole, akasikiliza sauti yake. Tumbo limejaa hivi karibu kila siku? Anashiba mapema? Haja ndogo humkimbiza? Maumivu chini ya kitovu, au kiunoni? Arbia alimgeukia Nasteha kwa hasira.

"Umemwambia?"

"Sijafungua mdomo, abaayo."

"Ilianza lini?" daktari aliuliza.

"Kabla ya mvua."

"Mvua hii?"

"Ya mwaka jana."

Daktari aliweka kalamu chini. Aliwaeleza kwamba mambo haya humpata kila mtu, yakapita. Lakini yakiwa mageni mwilini, yakarudi karibu kila siku kwa wiki mbili tatu yasiondoke, hasa kwa mwanamke aliyeacha hedhi, hayo si uzee wala si mafuta. "Mara nyingi huwa si saratani," alisema. "Lakini unakuja upimwe. Hungoji mvua nyingine."

Ya kwake ilikuwa saratani. Nairobi walimpasua, wakatoa maji mengi na uvimbe uliomea kwenye kifuko kimoja cha mayai, na mbegu zake zilikuwa zimeanza kutawanyika. Wakatoa walichoweza, kisha wakamtundikia dawa miezi mingi. Nywele alizomiminiwa mafuta zilianguka zote. Daktari wa huko hakumficha: angekuja mapema zaidi, wangekuwa wakizungumza mengine, sasa watakuwa wakimwangalia isirudi. Mohamednoor alimletea ini wodini. Alikaa kando ya kitanda akiwa amelishika, kama mtu aliyegundua ukubwani kwamba mwanamke anaweza kuletewa ini bila sababu.

Arbia alirudi sokoni na kovu refu, amekonda. Alimsimulia kila mnunuzi wa maziwa habari za kushiba mapema, hata wanaume, hata askari mmoja aliyetaka chenji yake tu. Nasteha alikaa naye, akijifunza kupima. Kaaha alicheka kuliko wote. "Ukimsikiliza huyu," alisema, "mtu hata kushiba ataogopa."

Asubuhi moja, mwaka uliofuata, Kaaha alisimama akasema, "Niangalizie maziwa." Akaenda chooni, akarudi. Baada ya muda mfupi akasimama tena. Arbia alivuta kibakuli cha chakula cha Kaaha, akafunua. Anjera ilikuwa imemegwa pembe moja tu.

"Nimeshiba," Kaaha alisema aliporudi, kabla hajaulizwa. "Ni mafuta haya ya siku hizi."

"Tangu lini?"

"Tangu Rajabu. Wiki chache tu. Usianze."

Arbia alisukuma madumu yote kwa Nasteha, akajitanda shali yake, akamshika Kaaha mkono kwa nguvu ambazo hakujua anazo bado.

"Wapi?" aliuliza Kaaha. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Arbia hakuwahi kuisikia hivyo. "Angalau mngenimwagia mafuta kwanza."

"Tutakumwagia tukirudi," alisema Arbia, na akamvuta kuelekea hospitali.