Adolphe na Tovuti Inayosubiri Saa Kumi na Mbili

Saa nane mchana, Kakuma. Jua liko utosini na Adolphe Byamungu, mkimbizi kutoka Bukavu, hajatia kitu tumboni. Anakodolea macho kompyuta katika saiba, duka la intaneti la Bior, mara simu yake, mara kompyuta tena. Tovuti yake itafungwa saa kumi na mbili jioni asipolipa shilingi 3,400 za kuihifadhi mwaka mzima.

Tovuti yenyewe haina madoido. Ni majina ya watu waliopotezana vitani, na namba za simu za wanaowatafuta. Adolphe, mwalimu wa zamani mwenye umri wa miaka 34, huyaandika bure.

"Nilianza na jina ya dada yangu, Christelle," anasema. "Kisha batu bakaanza kuleta ya bao."

Tangu Oktoba 2012 alitegemea matangazo. Kampuni moja ya ng'ambo iliahidi shilingi 85 kila tangazo likionekana mara elfu moja, na haitoi hata ndururu kabla hujafikisha 3,400. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kilikuwa mikononi mwa mwingine.

Kakuma mtu mmoja husoma kwa sauti na thelathini humsikiliza. Kampuni huhesabu mmoja. Bior naye huzima picha kwenye kompyuta zake ili intaneti ya setilaiti isiishe haraka, na tangazo lisiloonekana halilipwi. Miezi mitano ilimletea 2,600, zote za kutazama kwenye skrini tu.

Mwezi uliopita kanisa lake likamhurumia. Mama Spéciose, Mrundi anayeongoza kwaya, alisimama baada ya ibada akaagiza kila mwanakwaya aende kwa Bior, afungulie picha, aufungue ukurasa wa kwanza wa tovuti mara mia kwa siku. Walipokezana siku sita huku wakiimba, na hesabu ikatimia.

Kisha ikaja barua pepe. Maelfu ya watazamaji kutoka dishi moja la setilaiti ni udanganyifu, kampuni iliandika. Akaunti imefungwa na pesa zote zimefutwa.

"Tulizani tunamusaidia," anasema Spéciose, ameketi kando ya Adolphe tangu asubuhi. "Ni mimi nilimuharibia." Inauma kumsikiliza.

Adolphe hamlaumu. Leo asubuhi alimpigia Chepkirui, muuza magodoro wa Lodwar, akamwomba alipie tangazo kwa mwezi, lionekane lisionekane. Chepkirui aliuliza litaonwa na wangapi, akasema atafikiria.

Saa kumi na moja kasorobo simu inalia. Ni yeye, na swali ni lile lile.

Adolphe anajibu. "Mama, siwezi kukudanganya. Jina ya mutoto ya Mama Spéciose, batu balifungua mara tisa tu. Ile ya tisa ilikuwa mutoto mwenyewe. Iko Kigoma."

Spéciose amefumba macho.

"Mimi niko na kibao hapa barabarani," Chepkirui anasema, "na sijawahi hesabu macho ya watu. Natuma ya miezi mitatu sasa hivi."

Ujumbe wa pesa unaingia: shilingi 3,600. Adolphe analipa papo hapo. Sasa anapanga kutafuta wafanyabiashara wengine wanne, kuanzia Lodwar hadi Kainuk, walipe kwa mwezi. Hataki tena kampuni za kuhesabu macho.

Hata hivyo, hesabu moja bado anaiangalia kila siku. Jina la Christelle, la kwanza kwenye orodha, limefunguliwa mara 412.

"Minangoja moja tu," anasema.