Jaribio Lililoanguka Kila Umeme Ulipokatika

Kuna asubuhi moja nitaikumbuka hadi nizikwe, mwanangu, na nataka uisikie kabla hujabonyeza tena hicho kitufe. Nimekuona toka hapa nilipoketi. Jaribio limeanguka, umeguna "réseau", ukausingizia mtandao, ukataka kulianzisha upya. Acha kwanza. Mnaniita muzee ingawa mvi zangu bado za kuhesabika, nami sikatai, maana katika kazi hii ya programu za simu mtu huzeeka upesi, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Wakati huo nilikuwa msichana niliyetoka chuo karibuni, nimejaa ujuzi na mdomo. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja hapa hapa mtaa wa Ibanda, Bukavu, juu ya duka la vitenge. Mkubwa wetu alikuwa injinia aitwaye Papa Cirhuza, mtu wa maneno machache, aliyekunywa chai bila sukari na kutushangaa sisi tuliojaza vijiko. Tulikuwa tunatengeneza programu ya kuita boti. Mkunga wa kituo cha afya kule kisiwani Idjwi akiona mama mjamzito anazidiwa, anabonyeza simu yake, simu ya dereva wa boti inalia, na mgonjwa anavushwa kuja hospitali mjini. Ilikuwa programu ndogo tu. Lakini dada yangu mkubwa, Furaha, alikuwa ameolewa Idjwi, ana mimba ya miezi ya mwisho, na uzazi wake wa kwanza ulimtesa hadi tukamkatia tamaa. Kwangu mimi haikuwa kazi ya watu tu, ilikuwa ya damu yangu.

Ili tusibonyeze kwa vidole kutwa nzima, tuliandika jaribio linalojiendesha lenyewe, toka mwanzo hadi mwisho. Kompyuta ilitawala simu mbili zilizolala mezani, moja ya mkunga, nyingine ya dereva. Ya dereva ilikuwa imeshafunguliwa, inangoja. Kompyuta ilifungua programu kwenye ya mkunga, ikaingiza jina, ikabonyeza "Ita boti", kisha ikasubiri simu ya pili ilie. Ikilia, tunapata kijani. Isipolia, nyekundu.

Siku nyingi tulipata kijani. Ila mara moja moja, kwenye hatua ya mwisho kabisa, nyekundu, na karibu kila mara ilikuwa baada ya umeme kukatika. Sasa wewe ni mtoto wa Bukavu, huhitaji kuambiwa. Hapa umeme, hiyo courant yetu, na réseau ndizo jibu la kila kitu. Mkate haukuiva, ni courant. Mchumba hakupiga simu, ni réseau. Tena mara nyingi ni kweli, na hapo ndipo ubaya ulipo. Basi tulikuwa tunasubiri umeme urudi, tunalianzisha jaribio upya, linatoka kijani, tunakwenda kula.

Asubuhi ninayokwambia ilikuwa Ijumaa, na Jumatatu programu ilitakiwa kwenda kisiwani. Wafadhili walishapanga safari. Umeme ukakatika, baada ya muda jaribio likaanguka. Umeme ukarudi, nikabonyeza upya. Kumbe Papa Cirhuza alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake.

"Maman, uko unafanya nini?"

"Niko narudilia test, Papa. Ilikuwa réseau."

"Réseau njo ilikuambia?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Ukiuliza mutu: utanivusha ku Idjwi? Anakujibu: hapana. Unamuuliza tena, anasema: ndiyo. Utapanda mu boti yake na mutoto ku mugongo?"

"Hapana, Papa."

"Sasa juu ya nini unataka dada yako apande?" Akanywa funda la chai yake chungu, akamalizia kwa methali aliyojifunza kwa wazee wa Uvira: "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Kisha akarudi kwenye meza yake.

Nilikasirika, sikufichi. Kumtaja Furaha mbele ya wenzangu kuliniuma. Lakini hasira ile ilinifaa, maana niliapa kwamba sitoki katika chumba kile hadi niijue nyekundu ile baba yake ni nani.

Nikajiambia: kama ni réseau, ngoja niiondoe. Nikaiweka mitambo yote ya programu kwenye kompyuta yangu mwenyewe, simu zikaongea nayo humo humo chumbani kupitia kisanduku cha Wi-Fi chenye betri. Hakuna kilichotoka nje ya dirisha. Nikalianzisha jaribio, kijani. Nikarudia, kijani. Bisimwa, kijana tuliyekaa meza moja, akaniambia, "Nsimire, wacha. Njo unaona? Iko sawa."

Sikuacha. Nikainama chini ya meza nikachomoa waya wa umeme ukutani kwa mkono wangu, kompyuta na simu zikabaki na betri zao. Wenzangu wakaenda kula, mimi nikabaki nikizitazama zile simu, vioo vyake vimezimika. Waliporudi nikalianzisha jaribio. Simu ya mkunga ikaita. Kompyuta ikapokea na kupeleka. Simu ya dereva ikalala pale mezani kimya, hadi ikaandikwa nyekundu. Nikaichukua mkononi, nikagusa kioo, na palepale ikalia.

Umeelewa, mwanangu? Simu zetu zilikuwa zinakula umeme wa ukutani kutwa nzima, kwa hiyo hazikuwa na shida ya kubana matumizi. Umeme ukikatika, zinaanza kula betri yao. Simu ikikaa muda kioo kimezimika, inazilaza programu ili betri idumu, na yetu ililazwa pamoja na nyingine. Sasa niambie, dereva gani wa boti Idjwi anatembea na ukuta? Umeme ulipokatika ndipo meza yetu ilipofanana na kisiwa. Zile nyekundu tulizozifukuza ndizo zilizokuwa zinasema kweli, na zile kijani zote tulizoshangilia zilikuwa zinatudanganya.

Nikamweleza Papa Cirhuza. Akapiga simu palepale kwamba Jumatatu haiwezekani. Bisimwa akanong'ona kwamba wafadhili watakasirika.

"Bakasirike," Papa Cirhuza alisema. "Bale batarudia kwabo mu ndege."

Tukaongeza njia ya pili: simu ya dereva isipojibu upesi, mtambo unampigia kama mtu anavyopigiwa, maana mlio wa kawaida huiamsha simu iliyolala. Nikaandika jaribio upya, simu haina waya, kioo kimezimika, imeachwa ilale kabisa ndipo iitwe. Na ile desturi yetu ya kurudia tu jaribio likianguka, tuliifuta. Programu ikaenda kisiwani ikiwa imechelewa, na tulisemwa sana.

Uchungu wa Furaha ulianza mchana, siku ya soko. Mtoto alikaa vibaya, mkunga akabonyeza. Dereva alikuwa anapalilia maharage yake, simu mfukoni, kioo giza. Ikalia. Furaha alifika mjini kabla ya jioni, akapasuliwa, akapona yeye na binti yake. Nilipomshika mkono aliniambia tu kwamba boti ilikuja haraka. Sikuweza kumwambia kwamba ile programu tuliyotaka kuipeleka Jumatatu isingelia.

Basi neno langu ni hili. Jaribio likikujibu hapana, keti nalo hadi likwambie kwa nini. Réseau ina makosa yake, usiibebeshe na yako. Kwanza iondoe, ukikuta kweli ni yenyewe, hapo nitakuamini. Na jaribio lako liishi anavyoishi yule atakayeitumia programu, si unavyoishi wewe hapa mezani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika kazi yetu kifo hicho humpata mtu mwingine kabisa, ambaye hata hakujui jina.

Sasa inama uchomoe huo waya. Mungu akupe moyo usiochoka na jicho lisilokimbia nyekundu, na wote wanaokutegemea bila kukujua, awafikishe ng'ambo wakiwa hai.