Supachaja ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, ni karani mpole kiasi kwamba ukimkanyaga anaomba radhi yeye. Mtu wa namna hiyo ukimkuta anafunga supachaja kwenye gari la saluni la kupelekea watoto shule, lazima ujiulize. Mie nilijiuliza mpaka nikahamia gereji.

Gereji yenyewe iko Mtoni, nyuma ya duka la vipuri la mzee mmoja wa Kiarabu. Ukoo wake unauza boliti tangu gurudumu halijavumbuliwa. Mzee ndiye fundi, na ndiye aliyenieleza kwamba supachaja ni feni inayozungushwa na mkanda wa injini, kazi yake kuishindilia injini hewa. Kwenye buti kulikuwa na mtungi wa naitrasi, gesi ya kuongeza pumzi juu ya pumzi.

"Shikamoo mzee. Sasa kama ni hewa tu, mbona mmefumua mpaka tangi la mafuta?"

"Marahaba. Wewe umewahi kupepea jiko?"

"Sana tu. Linawaka, mkaa unaisha."

"Haya. Injini ukiipepea, na mafuta uipe zaidi. Hewa ikizidi mafuta, humo ndani panakuwa jehanamu, pistoni inatoboka kama chapati iliyosahauliwa kwenye chuma."

Ndiyo maana aliweka pampu kubwa, nozeli kubwa za kunyunyizia mafuta, na bomba nene la kutoka tangini. Fizikia niliisoma masomo ya jioni, kwa mwalimu aliyekuwa akisinzia kabla yetu, lakini haikuwahi kuninogea hivyo. Nilishika kila nozeli nikaichungulia kama nanunua dhahabu.

Dada hakunogewa. Gari lilikuwa limekohoa na kuzima akiwa na watoto, foleni nzima ikampigia honi. Alikuja gereji na kanga yake, akachungulia boneti.

"Baba watoto, nakupa mpaka Jumapili. Likitulia, baki nalo. Likikohoa tena, hilo dude linang'oka, kamuuzie mwehu mwenzio."

Shemeji akaitikia ndiyo huku akilifuta dude kwa leso. Toka utotoni kwao bara alikuwa akiota gari la kukimbia, na huko kwao, mwenyewe anasema, kitu pekee cha kasi kilikuwa mvua.

Jumamosi mchana tukaenda Mbweni, kwenye barabara ya viwanja vipya ambayo greda limepita lakini nyumba hazijafika. Mtungi wa naitrasi tuliuacha umefungwa kwanza. Mzee alikaa nyuma, mie mbele nikiangalia geji ya presha ya mafuta iliyofungwa nje ya kioo. Shemeji akakanyaga. Nilibanwa kwenye kiti mpaka nikahisi mgongo unatokea buti. Sindano ya geji ilisimama vizuri, kisha ikaporomoka na gari likakohoa.

"Achia!" mzee akapiga kelele. "Achia, utatoboa pistoni!"

Tukarudi Mtoni. Mzee akabadilisha pampu akiilaani na kiwanda chake, akabadilisha na filta. Jumapili baada ya misa tukarudi Mbweni: ile ile. Shemeji alishuka akakaa kwenye tofali la mtu kama amefiwa.

Mie kilichonikera ni jambo moja. Gari likiwa limesimama, hata ukipandisha resi, sindano haitikisiki. Likichomoka au likikata kona, inaanguka. Kitu gani kinabadilika gari likichomoka? Nikakumbuka uji wa msibani niliowahi kuubeba kwenye gari. Kila tulipoondoka ulikimbilia nyuma.

"Shemeji, mafuta yapo?"

"Yapo."

"Mengi?"

"Ya kutufikisha sheli."

"Na hii taa ya njano?"

"Hiyo? Hiyo inawakaga tu."

Tukatazamana. Mjini kwetu nani hujaza tangi? Tunaweka kidogo kidogo, taa inawaka mwaka mzima, unaiona ni urembo wa dashibodi. Mie nilikuwa nimekaa mbele ya taa hiyo siku zote mbili. Mzee naye alikuwa ameliendesha gari hilo hilo kulijaribu.

"Astaghfirullah!" mzee akashika kichwa. "Pampu kubwa inavuta upepo! Gari likichomoka mafuta yanalala nyuma, yenyewe inanyonya tangi tupu! Na mie mzima nimekaa humo humo!"

Sheli, binti wa pampu aliuliza mara mbili kama kweli tunajaza mpaka juu, halafu akatutakia safari njema ya Mwanza.

Tulipomfuata dada nyumbani, alikuja na ndala, uso umekunjwa. Barabara ile ile. Shemeji akakanyaga, sindano ikasimama kama askari wa gwaride. Mzee akafungua mtungi, shemeji akaomba dua ya kwao, mzee akaomba ya kwake, na kitufe cha naitrasi kikabonyezwa. Nadhani mitaa kadhaa ya Mbweni tuliipita kabla haijapimwa. Gari halikukohoa.

Hatimaye likasimama. Dada alishuka nyuma, akazunguka mpaka mlango wa dereva, akavua ndala.

"Sogea."

"Mama watoto, lakini..."

"Si nimesema likitulia libaki? Limebaki. Sogea huko, mie ndo napelekaga watoto shule."

Shemeji akasogea, akakamata mkanda wa kiti kwa mikono miwili, akicheka kama mtoto aliyeoga mvua. Mie na mzee tulikuwa tumeshashuka haraka.