Kashata na Ndoo ya Udongo Kule Alief

Nilikwenda Houston kwa ajili ya harusi ya mpwa wa marehemu mume wangu, na nilikwenda na mbwa mgonjwa. Kashata alikuwa mbwa wa Elibariki, mume wangu. Tangu tumzike Elibariki, huyo mbwa ndiye anayenipokea mlangoni nikitoka kazini, na sikuwa tayari kumzika na yeye.

Kwetu Lewisville, kaskazini mwa Texas, wiki ya safari, Kashata alisusa chakula na mwili ukawa unachemka. Daktari wa mifugo alimtoa damu mguuni, akaipima papo hapo, akasema ni ugonjwa unaoletwa na kupe. Nilibisha. Kupe nilidhani niliwaacha Moshi, kwenye ng'ombe wa baba! Kumbe wamejaa kwenye nyasi za kando ya ziwa tunakotembea kila jioni. Nikapewa vidonge vya asubuhi na jioni, nimpe pamoja na chakula.

Kwa wifi yangu wa Houston, nilikotarajia kufikia, mbwa hawaruhusiwi. Nilimpigia simu Bi Zuhura, Mzanzibari aliyekuwa jirani yangu kabla ya kuhamia Alief, mtaa wa huko huko Houston, nimlalamikie tu.

"Njoo naye," akasema.

"Bi Zuhura, ni mbwa."

"Nishasikia. Si mgonjwa? Njoo naye."

Njiani, tulipofika Huntsville, nilisimama kwenye kituo cha mafuta nikampa kidonge ndani ya mtindi, kama mama alivyotupa dawa chungu utotoni. Alilamba bakuli lote. Nikajisifu.

Alief tuliikuta na joto lake. Bi Zuhura alikuwa ameshafagia gereji, akaweka feni na mkeka, na kando ya bomba ndoo iliyojaa udongo. Kwao Waislamu, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Niliona haya kumletea kazi hiyo.

"Wacha haya, shoga," akanitania. "Udongo Texas umejaa tele."

Asubuhi ya harusi nilimkuta Kashata anatoka damu puani. Nilipiga yowe. Bi Zuhura akatoka na buibui lake, akatandika shuka kwenye kiti cha gari lake mwenyewe. "Nita-drive mie. We mshike."

Kliniki walimpima tena. Chembe zinazogandisha damu zilikuwa zimepungua sana.

"Vidonge unampa na nini?" daktari akauliza.

"Mtindi," nikajibu kwa fahari.

Akatikisa kichwa. Maziwa huizuia dawa ile isiingie vizuri mwilini. Yaani nilikuwa nampa dawa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine, tena kwa mapenzi. Nililia pale pale. Daktari hakunicheka. Alimpa dawa, akasema sasa iwe kwa nyama, na tumwangalie kwa karibu.

"Nenda harusini," Bi Zuhura akaniambia tuliporudi. "Huyu ntamtazama mie."

"Na kidonge cha jioni?"

"Ntakitia kwenye kuku. Mikono ninayo, na udongo upo."

Harusini nilicheza, lakini roho ilikuwa gereji. Niliporudi nilimkuta Bi Zuhura amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mkeka, kidonge kimeshamezwa.

Nikaomba kazini waniongezee siku. Asubuhi moja Kashata alisimama mwenyewe, akanywa maji, na kabla hatujamzuia akamlamba Bi Zuhura mkono, kuanzia kifundo hadi vidoleni. Bi Zuhura akautazama mkono wake, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Alhamdulillahi! Huyu kapona," akasema, akaenda kunawa.

Tukirudi kaskazini, Kashata alisafiri kichwa kikiwa dirishani. Lewisville alimaliza dozi, akapimwa tena, na zile chembe zilikuwa zimepanda. Siku hizi kila jioni namkagua masikioni na katikati ya vidole, na mtindi nakula mwenyewe.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii aliyepona ni mbwa wa mgeni. Nilikuwa nikidhani asiyegusa mbwa hawezi kumhurumia, na nimejifunza vingine. Nilipofika Alief ndoo ile ilikuwa imejaa. Nilipoondoka, udongo ulikuwa umebaki chini kabisa, na Bi Zuhura hakuwahi kuutaja.